Mwacheni Mama Asimame

Barua nyingi za mwezi huu zimekuja na jambo moja, wazazi waliozeeka na viungo vyao. Nimechagua nne. Kwa anayenisoma mara ya kwanza: nilikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo hospitalini hapa Mombasa mpaka nilipostaafu, na siku hizi nafanya mazoezi na wenzangu wa rika langu kule bustani ya Mama Ngina, chini ya mibuyu, kabla jua halijawa kali.

*Shangazi, shikamoo. Mamangu ana miaka 74. Ramadhani iliyopita aliteleza uani akiosha vyombo, mkono ukavimba lakini haukuvunjika. Tangu hapo sisi wanawe tulikubaliana asifanye kazi yoyote. Tumemwekea msichana wa kazi, tumemnunulia kochi na televisheni ya chumbani. Sasa hata kwenda chooni anashika ukuta, na akiketi kwenye mkeka hawezi kuinuka, inabidi asali juu ya kiti. Amekuwa wa kununa. Anasema tumemfunga. Tufanyeje? – Binti yake, Kisauni*

Marahaba mwanangu. Mmefanya kwa mapenzi, na mamako analijua hilo. Lakini kochi hilo linamdhuru kuliko ule mtelezo wa uani.

Misuli ya mtu mzima ikikosa kazi huisha upesi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani siku 10. Kwa siku hizo tu, walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hao walikuwa wazima. Mamako amekaa kitako tangu Ramadhani, na anaposhika ukuta ni kwa sababu mapaja yamelegea. Akianguka tena, udhaifu huo ndio utakaomwangusha.

Kwanza mpelekeni kliniki. Mtu wa umri wake akianguka, apimwe macho, apimwe presha akiwa amelala kisha akiwa amesimama, na dawa zake zote zitazamwe upya, maana ziko dawa za presha na za usingizi zinazomtia mtu kizunguzungu akiinuka ghafla. Mwambieni daktari kwamba mnataka kumwanzishia mazoezi ya miguu. Akiruhusu, anzeni hivi.

Chukueni kiti kigumu cha mbao, kisicho na magurudumu, mkiegemeze ukutani. Mama akalie ukingo wake, miguu ipanuke kiasi cha nyonga, nyayo zote zikanyage sakafu, visigino virudi nyuma kidogo ya magoti. Ainame mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanajaribu kusimama mgongo ukiwa wima, wanashindwa, wanadhani ni uzee. Akishainama, asimame taratibu, apumue, kisha akae taratibu vilevile bila kujibwaga. Kule kuketi polepole kunajenga paja sawa na kule kusimama. Mwanzoni ashike meza iliyo mbele yake. Mara tano asubuhi, mara tano jioni zatosha kwa wiki ya kwanza, halafu aongeze. Asishikwe kwapani kuinuliwa. Simama karibu naye, mikono tayari, umwache afanye mwenyewe.

Jambo la pili ni kujua kuinuka sakafuni. Nalisisitiza sana kwa sababu nimewaona walioanguka bila kuumia, wakakaa chini saa nyingi kwa kutojua namna ya kuinuka, na hayo ndiyo yaliyowaumiza. Mkeka wenu wa swala ni mahali pazuri pa kujifunzia. Alale ubavu, ajisukume kwa mikono akae kitako ubavuubavu, kisha apige magoti na viganja chini kama mtu anayetambaa. Asogee hivyo hadi kwenye kiti imara. Ashike kiti kwa mikono miwili, atangulize mguu wenye nguvu, unyayo ukanyage chini, asukume, ainuke, ageuke akae. Mkono wake ukiwa bado unamuuma, ngojeni upone. Kusali juu ya kiti kuna ruhusa yake, sina neno nako. Mimi nataka awe na uwezo wa kuinuka, siku atakayotaka.

Haya si mambo niliyoyatunga mimi. Kule New Zealand, watu wa Chuo Kikuu cha Otago walitengeneza mpango wa mazoezi ya nguvu za miguu na ya kutoyumba, ya kufanyia nyumbani. Mzee huyafanya mara tatu kwa wiki, kama nusu saa, na siku nyingine hutembea. Waliujaribu kwa kina mama wa miaka 80 na zaidi, wakachapisha matokeo mwaka 1997. Majaribio yao yote yalipojumlishwa, kuanguka kulipungua kwa asilimia 35. Vifaa vyao vikubwa ni vizito vidogo vya kufunga kwenye kifundo cha mguu.

Sasa mrudishieni jiko lake. Rekebisheni uani kwanza: maji yasituame, ndara zilizolika soli zitupwe avae viatu vinavyoshika kisigino, taa ya njia ya chooni ibaki ikiwaka usiku, leso iliyotandikwa mlangoni iondolewe. Kisha mpeni kazi. Achambue mchele, akaange samaki, apange vyombo kabatini. Kukuna nazi juu ya mbuzi kuna kuketi chini kabisa na kuinuka, kwa hivyo iwe ya mwisho, miguu ikishapata nguvu. Msichana wa kazi awe msaidizi wake, naye Mama ndiye mwenye kutoa amri. Nakuhakikishia kununa kutapungua kabla hata misuli haijarudi.

*Dada, salaam. Nina miaka 68, nilifanya kazi bandarini. Kila alfajiri natembea Mikindani hadi Jomvu na kurudi, nikija nyumbani nimelowa jasho. Kijana wangu aliye Uingereza ananiambia haitoshi, eti ninyanyue vizito. Mzee kama mimi na vyuma, wapi na wapi? – Mstaafu, Mikindani*

Kakangu, hongera kwa kutembea, usiache. Lakini kijana ana haki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawaambia watu wa miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule ambao unaweza kuongea lakini kuimba kaswida huwezi. Hapo nadhani umefika. Mwongozo huohuo unataka pia mazoezi ya nguvu kwa misuli mikubwa, siku mbili au zaidi kwa wiki, na mazoezi ya kutoyumba siku tatu au zaidi. Njia ya Jomvu haikupi hayo mawili vya kutosha.

Jipime leo. Kaa kwenye kiti, mikono uikunje kifuani, mtu akushikie saa. Kwa nusu dakika, simama kabisa na ukae mara ngapi? Mwanamume wa umri wako akipata chini ya 12 miguu imeanza kuwa dhaifu, hata kama anatembea kila siku. (Binti wa Kisauni, kwa mamako ni 10. Lakini usimpime sasa, ngoja apate nguvu.)

Vyuma huhitaji. Chupa ya maji ya lita moja na nusu kila mkono, uinyanyue hadi begani. Simama mbele ya ukuta, weka viganja, jisukume. Shika ukingo wa sinki, inuka kwa vidole vya miguu, shuka polepole. Ukiona unaweza kwenda mara 15 bila tabu, ongeza uzito, kwa sababu zoezi lililokuwa rahisi halikujengi tena. Ukimaliza, bado uko kwenye sinki, weka kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine kwa mstari mmoja, uachie mkono, uhesabu hadi 10. Wanaume wengi niliowaona wakijigamba kwa kutembea wameyumba hapo.

Na chai kavu na mahamri baada ya jasho lote lile hazitoshi. Misuli yataka yai, mbaazi, dengu, samaki au maziwa. Ikiwa figo zako zina shida, muulize daktari kiasi gani.

*Shangazi, shikamoo. Sisi ni kina mama wa chama kimoja Likoni. Mtaani kwetu wazee wengi wamejifungia ndani, watoto wako kazini. Tumeona kwenye simu vile wazee wa Marekani wana madarasa ya mazoezi, tukatamani. Hatuna ukumbi wala fedha. Tuanzie wapi? – Mweka hazina, Likoni*

Marahaba. Barua yenu nimeisoma zaidi ya mara moja kwa furaha.

Wamarekani walilijaribu jambo hili kwa watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89 waliokuwa wa kukaa tu. Nusu walipewa mazoezi ya kutembea, ya nguvu na ya kutoyumba, nusu wakapewa mafunzo ya afya. Baada ya miaka miwili na zaidi wakaangalia ni nani amepoteza uwezo wa kutembea mita 400. Matokeo yalitoka 2014: waliofanya mazoezi walipungukiwa na hatari hiyo kwa asilimia 18. Mita 400 ni kwenda dukani na kurudi. Ni kumjua jirani yako, au kutomjua.

Waliofanya hivyo walikuwa na mtu wa kuwaongoza na siku maalumu ya kukutana, na hilo mnaliweza. Tafuteni kivuli na sakafu tambarare: uwanja wa shule baada ya watoto kutoka, ua wa msikiti au wa kanisa. Iwe mapema asubuhi au baada ya alasiri, na kaskazi inapoanza na joto lake, fupisheni. Viti ni muhimu kuliko kitu kingine. Kila mtu aje na chake au viazimwe vya matanga. Kina mama wengi hawatajinyoosha mbele ya wanaume, kwa hivyo watengeeni siku yao, na wakitaka kucheza chakacha badala ya kuhesabu moja, mbili, waacheni wacheze, nyonga zitafanya kazi ileile. Wanaume watawasumbua zaidi. Wekeni bao na kahawa chungu baada ya mazoezi, wala isiwe kabla.

Msitoze kiingilio. Yuko mzee anayetegemea zile shilingi 2,000 za mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali, peke yake, na hamsini yenu itamfanya aone haya kuja.

Kila wadi ina wahudumu wa afya ya jamii, na tangu 2023 serikali iliwapa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Mwombeni wa mtaa wenu aje siku ya kukutana. Mwenye maumivu ya kifua, kuishiwa na pumzi au kizunguzungu asimame hapohapo na apelekwe kituo cha afya. Wenye sukari watazamwe nyayo, maana kidonda hawakisikii. Mkienda kwa chifu au kwa kaunti kuomba kiwanja, nendeni na Katiba mkononi. Kifungu cha 57 kinampa mzee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na mzee kwa Katiba hiyo ni wa miaka 60 na kuendelea. Hamwendi kuomba fadhila.

Kitu ambacho ningewasihi msikiache ni daftari la mahudhurio. Asiyefika leo, mtu aende kwake leo hiihii. Kikundi chetu cha Mama Ngina kimeshikana kwa hilo. Yuko mama anayekuja hata magoti yakimuuma, kwa sababu asipotokea tutabisha mlangoni kwake kabla hajanywa chai. Wapeni wazee zamu za kuongoza pia. Na anayejua kusoma vizuri asomee watoto wa shule hiyohiyo mnayotumia uwanja wake. Huko Baltimore, Marekani, wazee walienda shuleni kuwasaidia watoto kusoma, nao wenyewe wakapata sababu ya kutoka nyumbani.

*Shangazi, babu yangu ana miaka 88, anakaa ghorofani Mji wa Kale, hashuki tena. Amechelewa? – Mjukuu*

Hajachelewa. Mwaka 1990 huko Boston wazee dhaifu 10, wa miaka 86 hadi 96, walifanyishwa mazoezi ya nguvu za miguu wiki nane chini ya usimamizi wa karibu. Nguvu zao ziliongezeka zaidi ya maradufu.

Daktari amwone kwanza. Kisha zile ngazi zenu, nazijua zilivyo wima na giza lake, zifungieni reli ya kushikia pande zote mbili na taa. Aanze na kiti kama nilivyomweleza binti wa Kisauni. Akiweza kusimama mara nane bila kushika, ashuke vidato vitatu apande tena, wewe ukiwa chini yake anaposhuka na nyuma yake anapopanda. Kila wiki aongeze kidato. Akifika mlangoni, niandikie, nitakueleza cha kufanya barabarani.