Kwa nini ndege hustoli hata ikiwa na kasi?

Swali: Naishi Mombasa, najifunza urubani kwa Cessna 172. Nimeambiwa nikilinda kasi sitapoteza udhibiti wa ndege. Mbona basi kuna ajali ambazo kasi ilikuwapo? Na upepo wa kusi wahusika vipi?

Jibu: Ndugu yangu, kinacholifanya bawa listoli, yaani liache kuibeba ndege, ni pembe. Kasi ni dalili tu. Hewa hulishika bawa mpaka pembe kati ya bawa na hewa inayolijia ifike takriban nyuzi 15 hadi 18. Ikizidi hapo hewa hubanduka, nguvu ya kuinua huporomoka, na hilo laweza kutokea kwa kasi yoyote, pua ikitazama popote.

Chukua 172S, aina mojawapo ya Cessna 172, yenye uzito kamili, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) zikiwa juu. Ikiruka moja kwa moja hustoli kwa noti 48 (noti ni maili ya baharini kwa saa). Igeuze kwa mlalo (kuinama upande) wa nyuzi 45 bila kushuka, mzigo wa mabawa huwa mara 1.41 na kasi ya kustoli hupanda hadi noti 57. Kwa nyuzi 60 mzigo ni mara 2, kasi ni noti 68. Sasa kumbuka kwamba wengi huja kutua kwa noti 65 hivi.

Hapo ndipo kusi huingia. Tuseme watua njia 21 (inayoelekea nyuzi 210 za dira) ya uwanja wa Moi, Mombasa, kwa mzunguko wa kushoto. Kabla ya kona ya mwisho waelekea nyuzi 300, na upepo ukitoka kusini-mashariki wakusukuma kwa nyuma. Unaupita mstari wa njia. Mwanafunzi huogopa kulaza ndege, kwa hiyo hukanyaga pedali ya kushoto ili kuirudisha pua. Pua yashuka, naye avuta usukani. Bawa la kushoto, la ndani ya kona, lastoli kwanza na ndege yapinduka ikizunguka. Kwa futi 500 hakuna nafasi ya kuiokoa. Anza kona mapema, mlalo usizidi nyuzi 30, kijimpira cha mtelezo (kipimo kinachoonyesha kama ndege yateleza kando) kikae katikati. Ukiupita mstari, ghairi kutua, panda, uzunguke upya. Hakuna aibu yoyote katika hilo.

Ikistoli, sukuma usukani mbele mpaka king'ora cha stoli kinyamaze, ndipo unyooshe mabawa na kuongeza nguvu ya injini. Kama kuna otopailoti (mtambo unaoiendesha ndege wenyewe), izime kwanza. Pua hutangulia kwa sababu injini peke yake haipunguzi pembe. Mwaka 2009, juu ya Atlantiki, vipima kasi vya Air France 447 viliziba kwa barafu, otopailoti ikajizima, na pua ikaendelea kuvutwa juu. Ndege ilishuka kutoka karibu futi 38,000 hadi baharini ikiwa imestoli. Watu 228 walikufa.

Ajali unazouliza, zenye kasi ya kutosha, mara nyingi ni za aina nyingine: rubani kupotewa na upeo, asijue ndege imelalia wapi. Kenya Airways 507 iliporuka Douala usiku wa manane, Mei 2007, rubani alitaja kuwashwa kwa otopailoti lakini haikuwa imewaka. Ndege ikalalia kulia polepole, kiasi ambacho sikio la ndani halihisi, kisha ikaanguka ikizama kwa mzingo. Watu 114 walipotea. Ukitoka Mombasa usiku na kugeukia baharini, giza ni lile lile. Soma kipima upeo (chombo kinachoonyesha mlalo wa ndege), usiuamini mwili. Ukiwasha otopailoti, hakikisha alama yake kwenye paneli. Ikizama kwa mzingo, punguza nguvu ya injini, nyoosha mabawa, kisha ndipo uvute taratibu. Ukivuta kwanza, mzingo hukaza na mabawa yaweza kuvunjika.

Mwombe mwalimu mfanye stoli za kwenye kona, kwa kimo kitakachowawezesha kumaliza kujinasua mkiwa bado juu ya futi 1,500 kutoka ardhini.