Muulize kwanza anataka mwili wake umfanyie nini: kwa unayeanza kuongoza mazoezi baada ya saratani ya matiti

Mama anayekuja kwako baada ya matibabu ya saratani ya matiti ameshatiwa moyo vya kutosha. Ameambiwa ashukuru yuko hai, ameambiwa asiwaze sana, ameambiwa apumzike. Nyumbani wamemwondolea ndoo na mwiko, kwa upendo kabisa, na sasa anashinda barazani akisikilizia kila maumivu na kujiuliza kama ugonjwa umerudi. Kwa muda niliofanya kazi hii hapa Kigoma nimeona kwamba hofu ile haiondoki kwa maneno mengine zaidi. Huanza kulegea siku mkono uliokuwa haufiki kichwani unapofika, na mwenyewe akauona umefika. Kazi yako wewe unayeanza ni kumpangia siku za namna hiyo, ndogo ndogo na za mara kwa mara, na kujua mapema mazoezi yanaishia wapi.

Kwa hiyo siku ya kwanza usimuulize anajisikiaje. Atakujibu "namshukuru Mungu" na mazungumzo yataishia hapo. Muulize anataka mwili wake umfanyie nini tena. Mama mmoja wa Ujiji alisema anataka kusujudu, paji la uso liguse mswala, aache kuswali kwenye kiti. Mwanakwaya mmoja alitaka kuinua mikono yote miwili kanisani. Mwingine alitaka tu kumsuka binti yake. Andika jibu hilo kwenye daftari lako hata kabla ya vipimo, maana mazoezi yote yatatoka hapo. Kusujudu kunataka bega lifunguke, kiganja kibebe uzito na goti likunjike. Tayari una kazi ya miezi kadhaa, na yeye ana sababu yake mwenyewe ya kurudi.

Baada ya hapo uliza ya hospitali: amefanyiwa upasuaji lini, tezi za kwapani zilitolewa au la, amechomwa mionzi, bado anameza dawa gani, na daktari amemruhusu nini. Kwa mionzi watu wetu husafiri hadi Bugando kule Mwanza au Ocean Road, Dar es Salaam, hivyo mara nyingi maelezo hayapo karibu. Mwombe akuletee kila karatasi aliyonayo.

Anzia kwenye mkono. Kama mrija wa kutolea maji ya kidonda bado upo, aishie kufumba na kufumbua kiganja, kukunja kiwiko, kuzungusha mabega taratibu, na mkono usipande juu ya usawa wa bega. Mrija ukishatolewa na kidonda kikikubali, mpeleke ukutani. Asimame akitazama ukuta, vidole vipande polepole mpaka ngozi ya kwapani ianze kuvuta, abaki hapo akipumua mara tano, kisha ashuke. Weka alama ya mkaa pale kidole cha kati kilipofika, na tarehe pembeni yake. Alama hizi zina nguvu kuliko pongezi zako zote, kwa sababu siku anayosema "mimi siendelei mbele" unamwonyesha ukuta. Wengine utawakuta na kitu kama uzi uliokazwa kutoka kwapani hadi kwenye kiwiko. Hutokea baada ya upasuaji wa kwapa, na kwa kawaida hulegea kwa kunyoosha bila pupa. Usiuvute kwa nguvu. Waliochomwa mionzi waendelee kunyoosha hata baada ya bega kuwa sawa, maana ngozi na misuli ya kifua huweza kukaza miezi mingi baadaye.

Utakutana pia na katazo la zamani, kwamba mkono ule usinyanyue kitu maisha yote kwa kuogopa kuvimba. Lina chanzo chake, kwani tezi zikitolewa maji ya limfu, yale majimaji ya mwilini yanayopitia kwenye tezi hizo, hukosa njia ya kutosha. Lakini mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imeshavimba. Walionyanyua vyuma mara 2 kwa wiki, wakiwa wamevaa soksi ya mkono inayobana, chini ya uangalizi na kwa uzito ulioongezwa kidogo kidogo, hawakuvimba zaidi ya wenzao, na dalili zao zilipungua. Kwetu huku chupa ya nusu lita yenye maji inatosha kuanzia, baadaye ijaze mchanga. Pima mzunguko wa mikono yote miwili kwa futi ya fundi cherehani kila baada ya muda. Ukiona mmoja unaongezeka, rudisha uzito chini na mpeleke akaonwe. Nalisisitiza hili kwa sababu mwanamke wa huku asiyeweza kubeba ndoo yake anakuwa mtu wa kuomba kila kitu, na kuomba kila siku kunamwumiza moyo kuliko kovu lenyewe.

Kutembea hakuna siri. Asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa wanaotumia tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni, hasa, maana joto la ghafla mwilini linawasumbua tayari. Ukimpandisha kutoka stesheni kuelekea Mwanga, aweze kuzungumza lakini asiweze kuimba. Hapo mwendo ni sahihi. Mwongozo wa wataalamu waliokutanishwa na American College of Sports Medicine, chama cha Marekani cha tiba ya michezo, uliotolewa mwaka 2019, unataja dakika 30, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 12 hivi, kuwa zinasaidia kupunguza wasiwasi, dalili za huzuni na uchovu. Hilo la uchovu waeleze na wanafamilia, kwa sababu uchovu wa saratani hauishi kwa kulala, na mgonjwa akilala zaidi huzidi kuchoka.

Sasa yoga, ambayo ndiyo inayowatia wasiwasi wanaoanza. Vifaa ni mkeka, kanga ya kukunja chini ya kichwa, na suruali ndani ya dera. Kabla ya kumwinamisha mtu yeyote, kumbuka sidiria. Wengi wamejaza kitambaa au sponji upande uliokatwa, na akiinama kitu kile huchomoka mbele ya wenzake. Aibu ya namna hiyo humfanya asirudi tena. Mfundishe kushona mfuko mdogo ndani ya sidiria, na somo la kwanza lifanyike kwa kukaa na kusimama tu. Mikao ya kuegemea viganja sakafuni ifanyie ukutani mpaka bega liwe tayari. Anayetumia letrozoli au anastrozoli, vidonge vya kupunguza homoni, mifupa yake huenda imepungua nguvu: usimkunje mgongo kwa nguvu wala kumsokota. Mwenye ganzi miguuni kutokana na dripu za paklitakseli, dawa ya saratani, asimame karibu na ukuta anapojaribu kusimama kwa mguu mmoja.

Pumzi ndiyo wanayoondoka nayo. Mkono mmoja tumboni, avute hewa kwa hesabu ya nne, aitoe kwa hesabu ya sita, bila kuibana katikati. Mfundishe mpaka aweze bila wewe, kwa sababu atakayoihitaji ni ile ya saa nane usiku, anapogusa kifua gizani na kudhani amepata uvimbe mwingine.

Halafu kuna mapumziko ya mwisho, mkekani, kimya. Hapo machozi hutoka, na unayeanza hushtuka. Usimkimbilie, usimwambie nyamaza, usiwashe redio. Kulala chali kifua kikiwa wazi juu ni kitu ambacho huenda hajakifanya tangu bendeji ilipotolewa. Mpe kitenge ajifunike, au alale ubavu usio na kidonda. Wewe kaa chini pale pale ulipo, sauti yako iwe ya kawaida, na darasa likiisha mwambie unaweza kubaki naye kidogo akitaka.

Atatokea atakayeuliza kama hii ni ibada ya dini nyingine. Mjibu kwa heshima na ukweli: yoga chimbuko lake ni India na ina upande wa kiroho, sisi tunafanya kunyoosha viungo, kupumua na kutulia, bila mantra, yaani maneno matakatifu ya kurudiarudia, wala sanamu. Mkaribishe mke wa mchungaji au ustadhati wao aje kuona. Anayekataa bado ana kutembea na ukuta, asihesabiwe kuwa amekosa kitu.

Na usiwaahidi zaidi ya yanayojulikana. Mwaka 2014 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State walichapisha matokeo ya wanawake 200 waliomaliza tiba ya saratani ya matiti, nusu yao wakifanya yoga mara 2 kwa wiki kwa wiki 12. Miezi mitatu baadaye uchovu wa waliofanya ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao. Kwenye sonona makundi hayakutofautiana. Kwa hiyo mama ambaye kwa wiki mbili halali, hali, amejitenga na anasema yeye ni mzigo kwa watoto, usimwongezee mazoezi. Muulize waziwazi kama anawaza kujitoa uhai. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kisha ongozana naye hadi kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa. Vivyo hivyo maumivu mapya ya mfupa yanayozidi usiku, pumzi kukata kwa kazi ndogo, miguu kuvimba, homa, au mkono kuwa mwekundu na wa moto: zoezi linasimama, daktari anaitwa siku hiyo hiyo.

Siku moja ugonjwa utamrudia mmoja wao, na mwingine atafariki. Usifute darasa la wiki hiyo. Mtaje marehemu kwa jina, kaeni mpumue, mpange kwenda msibani pamoja, na waachie nafasi waulize "je, na mimi?" Jibu lako lisiwe la uongo. Wakumbushe tarehe zao za kliniki na dalili za kutazama, kwa sababu hilo wanaloweza kulifanya lipo mikononi mwao.

Wiki kabla ya kliniki hofu hupanda kwa wote. Njia ya reli hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na kukaa kote huko kunakaza bega na kuvimbisha mkono. Mwambie begi libebwe na mkono mwingine au na kijana aliyefuatana naye, mkono wa upasuaji uegemee juu ya mto, afumbe na kufumbua ngumi kila mara, na treni ikisimama kituoni ainuke anyooshe miguu. Majibu yakichelewa, atembee huko huko alikofikia, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, na akirudi aanze na uzito mdogo kuliko aliouacha.