Jino likivimbisha shingo, usisubiri kesho

Kaka yangu alianza na gego la mwisho la chini, likamuuma kama wiki hivi, anaenda duka la dawa ananunua diklofenaki na amoksilini, maumivu yakitulia anaacha dozi, yakirudi anaanza upya. Siku moja jioni uvimbe ukashuka chini ya taya, shingo ikakaza kama ubao, mdomo haufunguki vizuri, mate anatemea kwenye kopo maana kumeza hawezi, na akilala chali pumzi inakata. Sisi tukasema tutampeleka kesho asubuhi. Hiyo kesho naijutia mpaka leo.

Jamani, mizizi ya magego yale imekaa karibu sana na shingo, na nyuma ya koo kuna uwazi kati ya tabaka za nyama unaoshuka moja kwa moja mpaka kifuani, kule kwenye moyo na bomba la hewa. Usaha ukishaingia humo unateremka tu, na kila mtu akivuta pumzi kifua nacho kinauvuta.

Hospitali ya kwanza walipiga eksirei wakasema kifua kisafi, wakamchoma sindano, tukarudi nyumbani. Kumbe eksirei mwanzoni inaweza isionyeshe kitu kabisa. Kesho yake hospitali ya rufaa daktari wa koo akasikia kifua kinauma kwa ndani, homa haishuki, akaagiza CT scan (picha ya mashine inayoonyesha ndani ya mwili kwa undani kuliko eksirei) ya shingo NA kifua, ile ya kuchomwa dawa mshipani, ndo usaha ukaonekana umeshafika chini.

Kwanza walimtoboa koo apate hewa, kisha antibayotiki kali za dripu, halafu tiyata, chumba cha upasuaji: shingo ikapasuliwa, daktari wa kifua naye akaingilia ubavuni, wakasafisha, wakaacha mipira ya kutolea usaha, na lile gego likang'olewa. Dawa peke yake haitoshi usaha ukishakusanyika kifuani. Alirudishwa tiyata mara tatu, mama akalia akidhani madaktari wameshindwa, lakini ugonjwa huu mara nyingi unasafishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo msikate tamaa mkiambiwa anarudi tena.

Mkifika mapokezi msiseme "jino linamuuma", mtawekwa foleni. Semeni shingo imevimba, hamezi, anapumua kwa shida. Kama ana kisukari litajeni hilo mapema, maana kwa wenye kisukari ugonjwa huu unakimbia zaidi, na kifua kikianza kuuma ombeni CT scan ishuke mpaka kifuani.