Sema na Mtoto Kabla Hajaweza Kukujibu

Mwanamke akijifungua hapa kwetu Mji wa Kale, Mombasa, nyumba haipoi wageni mpaka arobaini itimie. Kila mmoja huja na lake: uji wa pilipili manga, kukandwa kwa maji ya moto, namna ya kumfunga mtoto asishtuke. La kusema na mtoto hulisikii. Wengi huamini kitoto cha siku mbili hakisikii wala hakielewi, basi kukisemesha ni kujichosha bure. Mimi nimelea wawili, nikasaidia kulea wa dada zangu, na kwa kuwa jambo hili lilinishika moyo nimelisoma kwa miaka. Ndilo ninalowaambia wazazi wapya kabla ya lolote lingine: semeni na mtoto tangu siku ya kwanza, uso kwa uso, kwa lugha iliyo yenu hasa.

Mtoto hazaliwi mgeni wa sauti zenu. Miezi mitatu ya mwisho ya mimba anasikia tumboni. Maneno hayamfikii wazi, ila mahadhi ya usemi anayapata. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, DeCasper na Fifer, waliwapa watoto wasiozidi siku tatu chuchu bandia iliyounganishwa na kinasa sauti. Wakinyonya kwa namna moja husikia sauti ya mama zao, kwa namna nyingine sauti ya mwanamke mwingine. Watoto walinyonya kwa namna iliyowaletea mama. Mwaka 2009 ikaonekana kwamba hata kilio kina lugha: vichanga wa Kifaransa mara nyingi walilia kwa sauti inayopanda, wa Kijerumani kwa sauti inayoshuka, kama wasemavyo wazazi wao.

Sasa kuna swali ninaloulizwa sana: kama anasikia hivyo, mbona hasemi? Kinywa chake bado. Kikoromeo cha mtoto mchanga kiko juu kooni, kama cha nyani, kisha hushuka polepole anavyokua. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani hapo ndipo ilipo siri ya usemi wa binadamu, kwamba wanyama wenzetu hawasemi kwa sababu ya koo. Lakini mwaka 2016 Fitch na wenzake walipiga picha za eksirei za koo la kima wa Asia wakaona lingeweza kutoa irabu za kutosha kwa usemi. Lililokosekana ni ubongo wa kuliongoza.

Na mfano mkubwa uko hapa hapa Kenya. Kule Amboseli, watafiti walichapisha mwaka 1980 kwamba tumbili wana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka, na kila mlio huwafanya wenzao wakimbie kwa njia yake. Tumbili mdogo hupigia mlio wa tai hata ndege asiye na madhara, kisha taratibu hujifunza tai ni yupi. Mlio wenyewe lakini amezaliwa nao. Mtoto wetu hazaliwi na neno hata moja. Kila sauti ya lugha ataisikia kwanza, kisha aiige. Kusikia na kuiga ndiko kulikotufanya watu wa kusema, na ndiyo maana nashikilia kwamba kazi ya mzazi mwaka wa kwanza iko kwenye sikio la mtoto.

Sikio hilo mwanzoni ni pana kuliko letu. Mwaka 1971 Eimas na wenzake walionyesha kwamba mtoto wa mwezi mmoja anatenganisha *ba* na *pa*. Mwaka 1984 Werker na Tees, huko Kanada, waliwajaribu watoto wa nyumba za Kiingereza kwa sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawazipambanui. Wa miezi sita hadi minane walizitenganisha vizuri. Wa miezi kumi hadi kumi na mbili, wengi walikuwa wameshaziacha. Kwetu wenye Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, jambo hili si dogo. Paa la nyumba na *p'aa* wa mwituni, anayetamkwa kwa pumzi, ni sauti mbili. Mtoto asiyezisikia utotoni atapata taabu kuzipata baadaye. Ndiyo maana huniuma kuona nyanya mwenye Kimvita safi, au Kigiriama, au Kibajuni, anaambiwa amsemeshe mjukuu Kiingereza cha kuokoteza. Mtoto anabeba lugha mbili, hata tatu. Mwacheni nyanya aseme yake, Kiingereza kitakuja.

Simu na televisheni hazifanyi kazi hii. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake waliwapa watoto wa Marekani wa miezi tisa vikao kumi na viwili vya Kichina. Waliochezeshwa na mtu wakazishika sauti za Kichina. Waliotazama watu wale wale kwenye video hawakushika kitu. Kwa hiyo katuni iliyowashwa kutwa ukidhani inamfunza haifunzi, na mara nyingi inazifunika sauti zenu.

Namna ya kusema naye ni nyepesi. Macho ya kichanga huona vizuri kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, ambao ndio umbali wa uso wako anaponyonya. Hapo ndipo pa kuanzia. Vuta maneno, paza na shusha sauti kama wafanyavyo bibi zetu, mtajie unachofanya: unamwosha, unamvisha, unamtia mbelekoni. Kisha nyamaza umngoje. Atakapoanza kubwabwaja, kati ya miezi sita na kumi, mwitikie papo hapo kwa uso na kwa mkono. Utafiti umeonyesha watoto wanaoitikiwa hivyo hubwabwaja sauti zilizokomaa zaidi. Na baba asingoje mtoto atembee. Arudipo bandarini jioni, dakika zake na mtoto zina uzito ule ule.

Moja la kuangalia kwa makini. Mtoto kiziwi naye hutoa sauti miezi ya mwanzo, kwa hiyo sauti pekee zisikutulize. Akiwa hashtuki kwa kishindo, hageuki unapomwita, au amefika miezi kumi bila *bababa* wala *dadada*, mpeleke kliniki uombe apimwe masikio, hata jirani akikwambia wa kwao alichelewa akaja kusema. Ikionekana hasikii, anza mapema kujifunza naye Lugha ya Ishara ya Kenya. Petitto na Marentette walionyesha mwaka 1991 kwamba watoto viziwi waliozaliwa kwa wazazi wenye ishara hubwabwaja kwa mikono, kwa umri ule ule ambao wenzao hubwabwaja kwa kinywa.