Mtoto wa malezi ya kambo na kazi ya mshahara: maswali ya wasomaji

SWALI: Habari za kazi. Ninaishi Nkuhungu, Dodoma, na mdogo wangu anayesoma chuo. Nimeajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi: Jumatatu hadi Ijumaa saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni, Jumamosi nusu siku. Ofisi ya ustawi wa jamii imekubali ombi langu la malezi ya kambo, yaani kumlea kwa muda mtoto asiye wangu, na inaniandaa kumpokea mtoto wa kike wa miaka minne. Bosi sijamwambia. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye likizo, dada, kabla hata ya kununua kitanda. Likizo ya uzazi inamhusu aliyejifungua, kwa hiyo usiitegemee. Ulichonacho ni likizo ya mwaka: siku 28 mfululizo kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Jumapili na sikukuu zikiwa humohumo. Tarehe hupangwa na mwajiri, ndiyo maana barua iende mapema. Mwombe aigawe: siku 14 mtoto anapoingia, 7 mwezi wa pili, na 7 zibaki akiba. Ukizimaliza zote mwanzoni utajuta, kwa sababu wiki ya kwanza mtoto huwa mpole mno, anakula na kulala kama mgeni. Vurugu huja akishaanza kukuzoea: kulia usiku, kukojoa kitandani, kuficha chapati chini ya godoro. Hiyo chapati usimgombeze. Ni mtoto aliyewahi kulala njaa. Acha ndizi mahali anapofikia na umwambie ni yake, hata usiku.

Katika barua, eleza kwamba umekubaliwa na ustawi wa jamii kulea mtoto, kisha omba mambo matatu: tarehe za likizo, ruhusa ya kupokea simu za nyumbani, na saa chache afisa ustawi anapokuja kukutembelea, maana naye hufanya kazi saa zilezile za kwako. Sheria inatoa siku 4 zenye malipo mtoto wa mfanyakazi akiugua au kufariki. Mwombe mwajiri aandike kwamba na huyu anahesabiwa, msije mkabishana siku ana homa ya nyuzi 39. Historia ya mtoto usiiandike. Aliyoyapitia ni yake, si ya kusimuliwa kaunta. Wengi hudanganya kazini kwamba ni mtoto wa ndugu, halafu wakiombwa karatasi wanakwama. Barua ya kukabidhiwa mtoto itunze, na nakala yake uiache nyumbani kwa ajili ya zahanati.

Sasa, nani atakaa naye? Ukitafuta dada wa kazi, awe ametimiza miaka 18, na jina lake alijue afisa ustawi kabla hajaanza. Wiki ya kwanza ya likizo akuangalie unavyomwogesha mtoto na kumlisha. Ya pili utoke kwa saa moja, kesho yake tatu, kisha nusu siku. Mtoto huyu ameshaachwa na watu, kwa hiyo usitoke kwa kunyata. Muage, na umtajie muda kwa kitu anachokijua: “Nitarudi ukishamaliza uji wa jioni.” Halafu urudi kweli. Mlezi wa pili awepo pia, jirani au mdogo wako, kwa siku dada atakapoondoka bila taarifa. Ukipendelea kituo cha kulelea watoto mchana, ulizia usajili, na uone saa ya kufunga. Vingi hufunga kabla yako, na hapo ndipo mipango mingi huvunjika.

Saa zako, ukitoa saa moja ya chakula, huenda ni 45 kwa wiki, kikomo cha kawaida kisheria. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, na hizo ni kwa makubaliano. Sema mapema kwamba miezi mitatu ya mwanzo huziwezi.

SWALI: Mimi ni muuguzi wa zamu katika zahanati binafsi Makole, mume wangu dereva wa malori. Tutafaa kulea?

JIBU: Kwa mtoto mdogo, hapana, kama usiku mnaweza kuwa nje wote wawili. Mwelezeni afisa ustawi ratiba halisi. Akija kuigundua baadaye, atakayehamishwa ni mtoto. Anayesoma darasa la tatu au la nne huenda akawafaa, zahanati ikikubali kukupanga mchana miezi mitatu na mlezi wa pili akilala hapohapo. Akitoka shule nyingine, uhamisho unapita kwenye PREM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi, na shule anayotoka inahusika. Fuatilieni kabla hajahamia kwenu.

SWALI: Bosi amesema nichague mtoto au kazi. Niache?

JIBU: Usijiuzulu. Malezi ya kambo hayana mshahara, na ukiacha kwa hiari madai yako yanadhoofika. Sheria hiyohiyo ya ajira inakataza ubaguzi kwa sababu ya majukumu ya kifamilia. Mwombe aliandike alilosema. Akikufukuza, una siku 30 kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa malalamiko mengine ni siku 60. Na afisa ustawi mjulishe leo, kwa kuwa mabadiliko ya kipato chako yanamgusa mtoto.