Majani tunayoyachoma asubuhi ndiyo dawa ya harufu

Uchochoro wetu hapa Morogoro una nyumba saba. Nilipohamia nilichimba shimo nyuma ya bafu, nikawaambia majirani taka za jikoni tusizitupe, tutengeneze mboji. Kila mtu akafurahi. Maganda ya viazi, ukoko, machicha ya nazi, vichwa vya dagaa, vyote vikaingia humo. Masika ilipofika shimo likajaa maji, inzi wakahamia, na bibi wa nyumba ya pili akaniita uani kwake, akaniambia kwa upole ule unaouma: "Mwanangu, harufu ya shimo lako sisi tunakula nayo."

Na mimi nilikuwa na la kwangu moyoni. Jirani wa kona ana mwembe mkubwa. Kila asubuhi akishafagia, majani anayakusanya na kuyatia kiberiti, moshi wote unakuja kwenye kamba yangu ya nguo. Siku hiyo nikamfuata, nikamwomba anipe hayo majani nikayatupe mwenyewe.

"Yachukue dada, ila usije ukanirudishia."

Kwa kukosa pa kuyaweka nikayamwaga juu ya shimo. Siku ya nne harufu imekwisha. Niliyaomba kwa ajili ya nguo zangu, kumbe nimeponya shimo.

Baadaye ndiyo nikaelewa. Taka mbichi za jikoni zina maji mengi na naitrojeni nyingi. Zikirundikwa zenyewe zinashikana kama ugali, hewa haipiti, na vijidudu vinavyoishi pasipo hewa ndivyo vinavyotoa ule uvundo. Majani makavu yana kaboni, yananyonya maji na yanaacha nafasi ya hewa. Kipimo changu ni beseni moja la taka za jikoni kwa mabeseni mawili au matatu ya majani. Ya mwembe ni magumu kama ngozi, kwa hiyo yakatekate kwa panga kwanza, la sivyo utayakuta vilevile miezi mitatu baadaye. Na kiroba cha majani kikae palepale kwenye biwi. Kikiwa ng'ambo ya uwanja, hakuna atakayekifuata saa mbili usiku na beseni mkononi.

Shimo lenyewe niliachana nalo. Shimo linafaa mahali pakavu. Penye mvua kama kwetu, lundika biwi juu ya ardhi, upana na kimo kama mita moja, kisha lifunike kwa majani ya mgomba. Chomeka fimbo ndefu hadi katikati na uiache humo. Ukitaka kujua hali, ichomoe uishike: ikiwa ya moto, biwi linafanya kazi. Ikiwa ya baridi na kavu, nyunyiza maji. Ikiwa ya baridi na inanuka, geuza biwi na uongeze majani. Mimi nageuza kwa beleshi kila wiki mbili au tatu, na nikiwahi alfajiri nauona mvuke ukitoka. Watoto hudhani ninapika kitu.

Dagaa, nyama na mafuta usitie, vinaita panya. Ukoko na machicha wape kuku. Vifuu vya nazi havina haja ya kwenda kokote, vinawasha jiko vizuri kuliko mafuta ya taa.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa kudhani tutachambua taka kwenye biwi. Taka ikishachanganyika haichambuliwi na mtu, hata mimi niliyelianzisha. Nilipochekecha mboji ya kwanza kwa chekeche ya mchanga, nilikuta vipande vya rambo, ingawa mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, vizibo vya soda, na wembe mzima, umelala kando ya kidole changu. Sikumhubiria mtu. Niliuweka ule wembe kwenye sahani, nikaupitisha nyumba hadi nyumba. Wiki ile ile kila jiko likawa na ndoo mbili, moja ya vinavyooza, nyingine ya vingine vyote.

Chupa za plastiki na makopo yupo mnunuzi anayepita na mizani, anapima kwa kilo. Tuliamua hela hiyo iwe ya watoto wanaookota, basi. Sasa hivi chupa yako ukiiweka chini kabla hujaimaliza, imekwenda.

Jambo ambalo ningeomba ulimalize mapema ni mgawo. Mboji ilipoiva, nyeusi, inanukia udongo wa mvua ya kwanza, tulikaribia kugombana. Mwenye mwembe alisema majani ni yake, mimi nikasema mgongo ni wangu, na mpangaji asiye na hata kopo la maua alitaka fungu lake kama wengine. Ilichukua jioni nzima kukubaliana: toroli moja kila nyumba, na asiye na bustani analetewa mchicha na yule aliyechukua fungu lake. Kaeni mliseme hilo kabla ya beseni la kwanza kumwagwa.

Kijana wa guta anayezoa taka Jumamosi alikuwa akichukua kwangu viroba viwili kila wiki. Siku hizi kimoja kinamaliza wiki mbili, na ukikifungua, karibu chote ni pampasi.