Barua kwa mwanangu: pumzi haiamrishwi

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unauliza kama umbakishe au umwondoe mwalimu wa nai, filimbi yetu ya tete, anayekuja kwako Jumamosi, maana miezi minne imepita, mjukuu wangu hajui kusoma noti hata moja, na mwalimu kila akifika humuuliza mtoto, "Leo unataka tupige nini?" Unasema hujui unamlipa nani kumfundisha nani.

Mimi nimekumbuka jiko la mama yako.

Ulikuwa mdogo, labda unakumbuka harufu tu. Kaka yako alikuwa na miaka kumi. Kila alasiri akirudi skuli nilimkalisha ukumbini apige Rast, ile ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu, kupanda na kushuka, mara ishirini, ndipo nimruhusu kwenda mpirani. Nai yenyewe ilikuwa yangu, ndefu, na vidole vyake vilitanuka mpaka vikatetemeka. Tundu la chini hakulifikia vizuri, upepo ukavuja, nami nikamwambia hajitahidi. Kumbe kijana huyo huyo, nyuma ya nyumba, alikuwa anakata kikonyo cha mpapai, anakitoboa, anaiga honi ya baiskeli ya muuza samaki. Aliiga hasa! Siku moja majirani wawili walitoka na mabakuli yao mkononi. Nikatoka na mimi, nikamwambia, "Huo si muziki. Ingia ndani."

Haikupita wiki nikaikuta nai jikoni, nusu yake jivu. Nilimpiga. Hujawahi kunisikia nikilitaja hili. Mpaka leo kwenye harusi zetu, kanuni, ile ala ya nyuzi, ikianza tu, kaka yako huinuka akaenda kusimama nje na madereva.

Pumzi haiamrishwi, mwanangu. Mkono wa mtoto unaweza kuushika ukauweka juu ya nyuzi za udi, lakini pumzi iko kifuani kwake, huifikii. Na nai ni tete lililo wazi huku na huku. Unalitegea mdomo kwa upande, na siku za mwanzo hupati kitu ila upepo na kizunguzungu. Mtoto asiyeitamani ile sauti atavumilia vipi mpaka ije?

Wewe mwenyewe uliniambia kwamba huyo mwalimu siku ya kwanza alipima vidole vya mtoto, akarudi na nai fupi. Kwamba humwacha aimbe kwanza, kisha wanakitafuta pamoja kile alichoimba. Kwamba humrekodi kwenye simu, halafu humuuliza yeye mtoto wapi upepo umepotea. Haya yote uliniambia kama malalamiko, nami nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nahesabu mangapi kati ya hayo nilimfanyia kaka yako.

Lakini hofu yako naijua pia. Mimi nilifunzwa kwa sikio tu. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilipoanza mwaka 2002, pale jengo la Forodha ya zamani Mizingani, Unguja, nilikwenda na nai yangu mpya. Vijana wamewekewa karatasi mbele, wanasoma na kupiga, mimi nangoja niwasikie kwanza ndipo nifuate. Nilirudi nyumbani kimya, mama yako hakuniuliza. Sitaki mjukuu wangu akae vile.

Na taarab yenyewe si ililetwa kwa amri? Wazee wanasimulia kuwa Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ndiye aliyempeleka Mohammed Ibrahim Misri akajifunze kanuni. Amri imewahi kuzaa, siwezi kukataa. Ila amri ilimfikisha Misri tu. Kukaa na zile nyuzi mpaka zikamkubali, hilo alilifanya mwenyewe. Unaona, narudi pale pale: pumzi haiamrishwi, hata ya mpiga kanuni.

Tena ile sauti ya tatu ya Rast, sikah, haimo kwenye piano; inakaa katikati ya vibao viwili. Kwenye nai unaiweka sawa kwa kuinamisha kidevu kidogo, na sikio lako ndilo linalokuambia umefika. Sikio hilo mwalimu huyu analilea. Noti nazo zije, nataka zije. Je, zije mtoto atakapoziulizia, au mwalimu apange siku yake? Hapo ndipo ninapokwama kila usiku.

Umeniomba niamue. Ulimi unaniwasha, wallahi, lakini nimeshawahi kumwamulia mtoto katika nyumba yetu. Jumamosi ijayo keti ukumbini, usiseme neno. Mtoto akikosea sauti, angalia anamtazama nani: mwalimu, wewe, au anafumba macho na kuitafuta tena. Kisha nipigie simu usiku huo huo, nitakuwa macho.

Baba yako